Maziwa ya Mwegea

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa uji, Winfrida alichukua kikombe cha bati, mwiba wa mgunga na mrija wa bua la mtama, akaenda nyuma ya jiko lake kukamua tunda. Lilikuwa tunda la mwegea, refu kama mkono wa mtu mzima, limening'inia kwenye kikonyo chake kirefu kama kamba, usawa wa kifua. Alilifuta umande kwa upindo wa khanga. Kisha, kabla ya kulitoboa, aliliambia maneno yaleyale aliyoliambia jana na juzi.

"Felista mwanangu. Ulikufa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, katikati ya mchanga wa korongo, alfajiri. Damu ilianza kukutoka tangu jana yake jioni. Zahanati haikuwa na gari, wala mtu wa kupasua. Mimi nilikushika kichwa, nikakuambia tumekaribia kufika, na tulikuwa hatujafika hata nusu."

Ndipo akachoma mwiba. Maziwa yalitoka ya vuguvugu, yenye povu kidogo, yakajaa kikombe. Aliyapeleka ndani kwa Peniel, mwana wa marehemu, aliyekuwa na miezi kumi na mitatu na aliyekwisha kuujua mlio wa kikombe kile kuliko jina lake mwenyewe.

Maneno yale hayakuwa maombi. Tunda halikutoa maziwa matamu mpaka liambiwe jinsi mwenye tunda alivyokufa, bila kupindisha. Siku za mwanzo Winfrida alikuwa akiishia kwenye habari ya gari, na kwa siku nne maziwa yalitoka machungu kama shubiri, mtoto akayatema. Siku ya tano aliongeza lile la kumdanganya binti yake kuwa wamekaribia. Yakatoka matamu. Tangu hapo hakupunguza neno.

Mwegea ule ulikuwepo Itunduwe kabla ya nyumba yoyote. Mama yake Winfrida alikuwa mtu wa dawa, na yeye alirithi ujuzi pamoja na mti. Magome yake yakichemshwa hutuliza mgongo na tumbo la kuhara. Tunda likikatwa vipande, likaanikwa na kutwangwa, unga wake hufunga vidonda vilivyokataa kupona. Unga huohuo ukichanganywa na samli hupakwa kwenye matiti ya mzazi asiyetoka maziwa. Hata bibi aliyeachiwa mjukuu mchanga alipakwa, na wako walionyonyesha na mvi zao. Miiko ilikuwa miwili. Tunda bichi halitiwi kinywani, maana ni sumu. Na mtu hakai chini ya mwegea, kwa kuwa tunda moja likikuangukia utosini hutahitaji dawa nyingine.

Felista alipozikwa, Winfrida alijipaka unga siku tisa. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Hakikutoka kitu. Maziwa ya ng'ombe mtoto aliyatapika, na siku ya kumi kilio chake kilikuwa kimekuwa chembamba kama cha paka. Winfrida akaenda kuangua tunda jingine, akakuta moja, bichi kabisa, likidondosha matone meupe kwenye ncha. Alijua kuwa tunda bichi ni sumu. Alijua pia kuwa mtoto hataiona kesho. Akampa. Mtoto akanywa, akalala, akaamka akitaka tena. Matone hayo ya kujidondokea hayakudai maneno, na ndiyo yaliyomshikilia mpaka Winfrida alipojifunza kukamua.

Majirani waliposikia walikuja kuuliza kama maziwa hayo hayamletei mtoto gesi. Waliambiwa hapana, wakarudi mashambani, maana ulikuwa wakati wa palizi.

Katika mwaka huo wakafa wengine watatu wakijifungua, katika vitongoji vinavyoizunguka Itunduwe, na mti ukazaa matunda mengine matatu. Kila tunda lilitokea kwenye tawi lililoelekea mlango wa nyumba yenye msiba, na ndivyo watu walivyojua lipi ni la nani. Wajane wa kiume na mabibi walikuja asubuhi na vikombe vyao, wakasimama wasichungulie vya wenzao, kila mmoja akanong'ona ya kwake. Mtoto akianza kutembea, tunda lake lingekauka na kuanguka lenyewe. Nesi Lucy wa zahanati aliagiza maziwa yachemshwe kwanza. Wakayachemsha, yakaganda kama ugali, wakaacha.

Jambo moja Winfrida aliligundua kwa tunda la nne, akalifungia moyoni. Tunda halikutokea baada ya msiba. Ua lilichanua mwezi mmoja kabla, jekundu la damu ya mzee, na kufikia siku ya kilio tunda lilikuwa tayari limeshiba. Nani angemwambia mwenye mimba habari ya namna hiyo?

Wakati wa mavuno ya mtama alikuja afisa wa afya kutoka halmashauri, kijana mwenye adabu aitwaye Leonidas. Alimwamkia Winfrida shikamoo kwa kuinama, akaitikiwa, akawapima watoto wanne kwenye mzani uliofungwa kwenye tawi lisilo na matunda. Wote walikuwa katika kijani ya kadi, tena juu kuliko watoto wengi wenye mama zao. Leonidas alifurahi sana. Aligongomea kibao cha bati chenye namba kwenye kila tawi, kuanzia moja hadi nne. Halafu akasimama chini ya mti, jambo ambalo mtu wa pale asingefanya, akasoma kwa sauti taarifa za vifo vya wale mama. Zote nne ziliandikwa sababu moja: mama alichelewa kufika kituoni.

Siku hiyo matunda yote manne yalitoa maziwa machungu, na watoto walilia mpaka jioni. Leonidas aliomba radhi. Baada ya hapo taarifa alikuwa akizisomea upande wa shuleni.

Kabla hajaondoka, Winfrida alimwonyesha wodi ya wazazi. Zilikuwa kuta zilizofika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, miaka sita iliyopita, saruji ikaisha, sasa mbuzi wakapata mahali pa kujikinga na jua. Fundi aliyezijenga, Obadia, alikuwa jirani yake Winfrida, na kila alipopita hapo aligeuza uso pembeni kama mtu aliyeona uchi wa mkwewe. Winfrida aliuliza pia habari za gari la wagonjwa lililokuwa limeahidiwa. Leonidas alieleza kwa upole kwamba gari limepelekwa kata nyingine yenye hali mbaya zaidi. Itunduwe ilikuwa inafanya vizuri. Hakuna mtoto wa marehemu aliyepotea hata mmoja.

"Mwanangu," Winfrida alimwambia, "mti unalea. Hauzalishi."

Leonidas alisema hiyo ni hoja nzuri, akaiandika kwenye daftari lake.

Mvua zilipoanza, Eliana alirudi nyumbani kwa mama yake. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Winfrida na sasa ndiye wa pekee, ameolewa Sepuka, na ana mimba yake ya kwanza. Desturi ni kwamba mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama, na mama mkwe wake, aliyejua yaliyompata Felista, hakuthubutu kuzuia wala kuhimiza. Winfrida alimpokea begi, akampikia mlenda, akatoka nje kuchota maji. Kwenye mti, kwenye tawi lisilo na kibao, kulikuwa na ua.

Tawi lile lilielekea moja kwa moja mlango wa jiko lake.

Aliweka ndoo chini, akaingia ndani, akatoka na panga, akalikata ua na kamba yake. Asubuhi kamba ilikuwa pale na ua juu yake. Alilikata mara tatu. Mara ya tatu halikurudi ua bali tunda, dogo kama kidole gumba, na utomvu uliotoka panga lilipokata ulikuwa bado mbichi kwenye kovu. Kila siku liliongezeka. Eliana alikaa kivulini mwa nyumba akisuka mkeka, akimwimbia Peniel, hajui lolote, na mama yake alimwangalia kwa hofu iliyomfanya asahau chumvi kwenye mboga wiki nzima.

Winfrida alikata shauri. Eliana angekwenda Manyoni kungojea siku zake karibu na hospitali, ambako kuna kisu, kuna damu na kuna taa. Basi lilikuwa limeacha kuingia Itunduwe tangu mvua ya pili, kwa ajili ya korongo. Chombo kilichobaki ni toyo la Chediel, pikipiki ya magurudumu matatu iliyobeba magunia siku za kawaida na wagonjwa siku za shida. Lilikuwa moja tu. Winfrida alimpa Chediel mbuzi jike mwenye mimba, akamwambia awaondoe kesho asubuhi, awafikishe Mkiwa kwenye lami, asiwashushe hapo kutafuta basi bali awapeleke mpaka mlangoni pa hospitali. Chediel alisema angerudi keshokutwa mchana, maji yakiruhusu.

Aliyesaidia kufunga godoro kwenye toyo alikuwa Jenifa, mke wa Obadia fundi. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia mwaka jana katika nyumba mpya mbele kidogo ya jiko la Winfrida, ng'ambo ya kichaka cha minyaa. Jenifa naye alikuwa mjamzito, mwezi wa saba, wa mtoto wa tatu. Alikuwa mcheshi, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusema. Alimfunga Eliana kitenge chake kipya kiunoni, akamwambia kitamsaidia kwa mtikisiko, amrudishie kikiwa na mtoto ndani yake.

"Mama Felista," alimwambia Winfrida, "tuachie Peniel. Mimi nitamkamulia. Maneno yako nayajua, nayasikia kila siku."

Winfrida alimshukuru, akapanda. Toyo lilipokata kona aligeuka kuutazama mti. Kamba ilikuwa imerefuka usiku huo, na tunda lilikuwa zito kama mtoto wa miezi mitatu. Aliligeuzia mgongo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na Winfrida alivuta kwa nguvu zake zote.

Manyoni mambo yalikwenda kama yanavyotakiwa kwenda. Usiku wa kwanza uchungu ulimshika Eliana kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa amekaa mshazari, daktari akampasua, na alfajiri, treni ya mizigo ikipiga honi mjini, Winfrida alipewa mjukuu wa kike aliyefungwa kwenye kitenge cha Jenifa. Eliana alikuwa hai. Aliomba chai. Winfrida alikwenda nyuma ya wodi, pale wanapoanika nguo, akacheka peke yake mpaka akakaa chini. Alikuwa hajacheka tangu Felista. Alimshukuru Mungu, halafu kwa kujisahau akaushukuru na mti.

Mvua iliyonyesha usiku ule ilinyesha nchi nzima ya huko. Korongo lilijaa siku tatu. Chediel alilala na toyo lake ng'ambo ya pili pamoja na watu wengine wanaongojea maji yapungue, akila mahindi ya kuchoma. Mtandao wa simu nao ulikuwa umekatika. Siku ya nne alivuka, akakuta hana wa kumbeba, akarudi kumchukua Winfrida, ambaye alikuwa amemwacha Eliana kwa shemeji zake na sasa alikuwa na haraka ya kumwona Peniel. Walipofika kwenye mchanga wa korongo, mahali palepale alipofia Felista, ndipo Chediel alipozima injini akamwambia.

Jenifa alishikwa na uchungu usiku ule wa mvua, wiki nyingi kabla ya wakati. Nesi Lucy alifanya yote anayoyajua, na hayakuwa mengi. Obadia alikimbia kijiji kizima akitafuta toyo, akijua vizuri lilipo. Jenifa alijifungua mtoto wa kiume, akauliza ni wa kike au wa kiume, akaambiwa, akacheka, na damu haikukoma. Walimzika juzi.

Winfrida hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mti. Tunda la tano lilikuwa limeiva, kamba yake imefika karibu na ardhi. Akasimama nyuma yake, akafumba jicho moja kama fundi anavyopima ukuta, akafuata tawi. Lilielekea mlango wa jiko lake, ndiyo. Lakini halikuishia hapo. Mlango wa mbele wa jiko na ule wa nyuma ilikuwa wazi, na kupitia yote miwili, juu ya minyaa, aliuona mlango wa bluu wa Obadia. Kwa mwaka mzima nyumba ile ilikuwa pale, na yeye alikuwa hajafikiria kwamba tawi linaweza kupita kwake bila kusimama.

Obadia alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango huo, mtoto kifuani ndani ya shati, na Peniel miguuni pake akila uji. Alisimama alipomwona, akamwamkia kwa sauti iliyokauka. Akauliza kama Eliana amejifungua salama. Winfrida alisema ndiyo, mtoto wa kike. Obadia akasema, "Afadhali, mama."

Lile neno moja lilimuumiza Winfrida kuliko kama angempiga.

Mtoto alikuwa hajanywa maziwa. Nesi Lucy alikuwa amejaribu kukamua, akaliambia tunda alichokiandika kwenye kitabu, kwamba mama alichelewa kufika kituoni, kwa kuwa kitabu kilikuwa na nafasi ya sababu hiyo na si nyingine. Yalitoka machungu. Obadia alijaribu, akasema Mungu amempenda zaidi. Yakatoka machungu. Akajaribu tena, akasema mvua, akasema korongo, akasema damu. Yakapungua uchungu, lakini mtoto aliyatema vilevile. Kwa siku nne alikuwa akilambishwa maji ya sukari, na kilio chake kilikuwa kimeanza kuwa chembamba. Winfrida alikijua kilio hicho.

Alichukua kikombe chake, mwiba na mrija. Obadia akamfuata na mtoto. Winfrida alilifuta tunda kwa upindo wa khanga.

"Jenifa," alisema. "Ulikufa kwa damu, nyumbani kwako, usiku wa mvua. Zahanati haikuwa na gari. Wodi haina paa. Toyo lilikuwa moja."

Akachoma. Akaonja. Chungu.

"Toyo nililichukua mimi."

Akaonja tena. Obadia alikuwa ametazama chini.

"Niliona ua mwezi mzima uliopita. Nilijua maana yake. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni la Eliana."

Uchungu ulipungua, ukabaki kwenye ncha ya ulimi tu. Tunda lilingoja. Winfrida alilijua lililobaki, kama alivyojua mwaka jana kwa siku nne. Alitamani Obadia aondoke. Obadia hakuondoka, alikuwa na mtoto wa kunyweshwa. Kwa hiyo alisema mbele yake.

"Na kama ningejua ni lako, Jenifa, bado ningelichukua."

Maziwa yakatoka matamu. Yalitoka mengi, yakamwagika kwenye vidole vyake na kwenye udongo. Obadia hakumwangalia. Alipokea kikombe, akachutama, akamnywesha mwanawe kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka kikombe kikaisha, kisha akakinyoosha kurudisha, kijazwe tena. Winfrida alilia. Obadia naye alilia, upande wake.

Mwezi wa pili Obadia alijaribu kuliambia mwenyewe lile tunda maneno hayo, ili asimsumbue mama wa watu. Halikukubali. Neno la mwisho halikuwa lake kulisema.

Eliana alirudi na mtoto wake mnene, akaleta kitenge kimefuliwa na kupigwa pasi, akakosa wa kumrudishia, akakiweka mikononi mwa Obadia. Aliporudi Sepuka kwa mumewe, hakuwahi kuuliza kwa nini mama yake hawezi kulala kwake hata usiku mmoja. Winfrida alisema ana kazi asubuhi.

Leonidas alikuja tena wakati wa mavuno. Alimpima mtoto wa Jenifa, akamkuta yuko kijani. Aligongomea kibao cha tano. Kwenye wodi ya wazazi mbuzi walikuwa wamezaa, na mche wa mpapai ulikuwa umeota juu ya lenta. Alimwambia Winfrida kwamba hoja yake ya mwaka jana imefika mbali, na kwamba kata tatu za jirani zimeagizwa kupanda miegea.

Kesho yake Winfrida aliamka mapema, akachukua kikombe cha bati, mwiba na mrija. La Felista lilikuwa limekauka na kuanguka, maana Peniel alikuwa anatembea, akamfuata bibi yake akishika khanga. Kwenye tawi la tano Obadia alikuwa amekwisha kufika, mtoto begani, amesimama mbali kidogo kama ilivyo heshima. Walisalimiana. Winfrida alilifuta tunda umande, akaanza mwanzo, damu, gari, paa, toyo, ua, akafika mwishoni, akalisema.

Mtoto aliposikia neno la mwisho akaanza kurusha miguu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujifunza kwamba baada ya hilo huja maziwa.